Kuhamia Mumbuni: Nani Atayashika Maji?

 

Katika barua zilizotufikia mwezi huu, moja tumeitanguliza mbele ya nyingine, kwa kuwa swali lililomo tumelisikia mara nyingi barazani na mlangoni mwa misikiti tangu kazi za bandari zilipoanza kuyumba. Mwenye kuandika ni mama wa watoto wanne, mkaazi wa Kisauni, mzaliwa wa Mombasa na wazee wake vivyo hivyo. Mumewe alikuwa katika kazi ya kutoa mizigo bandarini. Reli mpya ilipofunguliwa mwaka 2017, na makasha yakaanza kupelekwa moja kwa moja hadi Embakasi ili yakashughulikiwe huko, afisi aliyokuwamo ilipunguza watu, kisha ikafunga. Serikali iliagiza mwaka 2022 kwamba shughuli hizo zirudi bandarini, lakini wakati huo bwana huyu alikwisha kupata kazi katika ghala moja huko Athi River. Hulala huko peke yake katika chumba cha kupanga, na nyumbani huja mara moja kwa mwezi, pengine kwa miezi miwili.

Mwaka uliopita wamenunua kiwanja cha futi 50 kwa 100 pale Mumbuni, jirani na mji wa Machakos. Mume asema bei yake ilikuwa nafuu kuliko Athi River, hakuna vumbi la viwanda vya saruji, na kutoka huko aweza kwenda kazini na kurudi kwa watoto wake siku hiyo hiyo. Sasa ataka wahame wote. Mama auliza: je, nikikataa nitahesabiwa nashiza? Akaongeza kwamba mumewe hamkatai, alikataalo ni jangwa. Na chini kabisa ya barua, kwa herufi ndogo kana kwamba ni jambo la kupita tu, ameandika kuwa pesa za kiwanja zilipopungua aliuza bangili zake mbili za dhahabu.

Tuanze na hilo neno jangwa. Sisi watu wa mwambao tuna tabia ya zamani: kila kilicho nyuma ya Mariakani kwetu ni bara, na kila bara isiyokuwa na mnazi ni jangwa. Mumbuni si jangwa. Iko kaskazini ya mji wa Machakos, katika ujirani wa vilima vya Iveti, na Machakos yenyewe iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Julai mtoto wa Mombasa atatetemeka huko, na mama atanunua masweta ambayo hajapata kuyanunua maishani. Hata hivyo ni nchi kavu. Mvua zake ni mbili, na ile ya vuli, kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Disemba, ndiyo wanayoitegemea wakulima kuliko ile ya Machi hadi Mei. Kwetu mambo ni kinyume, masika ndiyo mvua. Na vuli ikikosa, hukosa kwelikweli, na mito hubaki mchanga mtupu.

Lakini chini ya mchanga ule maji yapo, na wenyeji wayajua. Huuchimba mchanga kwa mikono hadi yatokeze. Tena wamejenga kuta za mawe na saruji kukatiza mito, mvua inapokuja mchanga hurundikana nyuma ya ukuta, na ndani ya mchanga huo maji hukaa miezi bila ya kukaushwa na jua. Katika miaka ya 1930 wakuu wa serikali ya kikoloni waliitazama ardhi ya Machakos ilivyomomonyoka, wakaandika kuwa ni nchi inayoelekea kuwa jangwa. Dawa waliyoiona ni kuwapunguzia Wakamba ng'ombe wao kwa nguvu. Mwaka 1938 watu wakaandamana hadi Nairobi, wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakakaa huko kudai mifugo yao. Jangwa lililotabiriwa halikuja. Kutoka miaka hiyo hadi mwisho wa miaka ya 1980 watu waliongezeka zaidi ya mara tano, ilhali mmomonyoko ulipungua, na wataalamu watatu walilieleza jambo hilo katika kitabu kilichotoka mwaka 1994. Waliochimba matuta ya kuzuia udongo katika vilima vile walikuwa kwa wingi wanawake, katika vikundi vya kusaidiana wanavyoviita mwethya. Tunalitaja hili kwa makusudi, tutalirudia.

Na mji wetu je? Mombasa imezungukwa na bahari, na maji matamu hayaitoshi. Kwa zaidi ya miaka sitini sehemu kubwa ya maji tunayokunywa imekuja kwa bomba kutoka chemchemi za Mzima, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa, na chemchemi hizo hupata maji kutokana na mvua inayonyesha juu ya vilima vya Chyulu, mpakani mwa Ukambani na Umasaini, ikachuja katika mawe ya volkano. Basi tangu utoto wetu tumekuwa tukinywa kutoka huko huko tunakokuita jangwa. Na mama wa Kisauni anayenunua madumu kwa mkokoteni, na kisima cha uani kikawa cha chumvi, hahitaji kufundishwa na mtu wa Machakos kwamba maji ni mali. Hata mbaazi tunazozipika kwa nazi asubuhi, aghalabu zimelimwa Ukambani. Njia ya huko na huku ni kongwe: Wakamba walileta pembe Mombasa kwa misafara yao wenyewe, na mwaka 1849 mfanyibiashara wao mkubwa, Kivoi, alimpokea kwake mmishonari Krapf aliyetoka Rabai. Kampuni ya Kiingereza ilipofungua kituo Machakos mwaka 1889, misafara iliyokipitia ilijaa wapagazi wa mwambao.

Sasa swali la sharia. Katika madhehebu yetu ya Kishafi'i, mume ana haki ya kuhama na mkewe maadamu njia ina amani, mahali waendapo pana amani, na makao anayomwekea yanafaa kwa mke kama yeye. Mke akikataa bila ya udhuru, haki yake ya nafaka huingia katika hatari. Wako wanavyuoni, nao ni wa madhehebu ya Hanbali, waliosema kwamba mwanamke akishurutisha katika nikahi asitolewe mjini kwao, sharti hilo litafungamana na mume, na akilivunja mke ana hiari ya kufasiki. Mashafi'i hawakulikubali sharti hilo. Mama huyu hakutaja sharti lolote, kwa hivyo hatutarefusha.

Lakini wanaume wengi huisoma hukumu hii nusu. Huona haki ya kuhamisha, wasione neno yanafaa. Vitabu vyetu havikuacha jambo la maji. Wanavyuoni wa Kishafi'i walijadili mpaka thamani ya maji ya kuoga janaba na nifasi, wakasema ni juu ya mume, sembuse maji ya kunywa na kupikia. Mtu anayemchukua mkewe nchi kavu akamwachia yeye mzigo wa kutafuta maji, asubuhi akapanda matatu kwenda kazini, amedai haki yake na kuiacha ya mwenziwe.

Tunamkumbusha kila mmoja wao kisa cha Bibi Hajar, ambacho tumekisikia sana katika hotuba za Idi na kwa bahati mbaya tumezoea kukisikia kwa upande wa Nabii Ibrahim (A.S.) tu. Ibn Abbas (R.A.) amekisimulia kwa urefu, nacho kimo katika Sahihi ya Bukhari. Nabii Ibrahim alimpeleka mkewe na mtoto anyonyaye katika bonde lisilo na mmea wala mtu, akawaachia tende katika mfuko na maji katika kiriba, akageuka kwenda zake. Bibi Hajar alimfuata akimuuliza anawaachia nani. Aliuliza mara nyingi. Alipoona hajibiwi, akauliza swali jingine: je, ni Mwenyezi Mungu aliyekuamuru hili? Aliposikia naam, ndipo aliporidhika akarudi kwa mwanawe.

Tuzingatie mambo mawili. Kwanza, kuuliza kwake hakukuhesabiwa uasi. Aliuliza, akarudia, akamfuata nyuma mume ambaye ni Mtume, na wala hakulaumiwa. Pili, jibu lililomtuliza lilikuwa ni amri ya Mola. Nabii Ibrahim alikuwa na wahyi. Baba wa Kisauni ana hati ya kiwanja. Hawezi kumwambia mkewe mtegemee Mungu kisha akanyamaza, kwa kuwa yeye hakuamrishwa kwenda Mumbuni, amechagua. Na aliyechagua ana wajibu wa kueleza alichokiona mpaka akachagua.

Na kisa hakikuishia katika kukimbia baina ya Safaa na Marwa. Zamzam ilipotoka, lilipita kabila la Jurhum, wakaona ndege akizunguka wakajua pana maji. Wakamwendea mwanamke yule aliye peke yake na mtoto, wakaomba ruhusa ya kukaa naye. Aliwaruhusu, kwa sharti kwamba maji hayatakuwa milki yao. Wakakubali. Mtume (S.A.W.) ameeleza kwamba hilo lilimpata Bibi Hajar naye akipenda kuwa na watu wa kuzoeana nao. Mji wa Makka, basi, ulianza na mwanamke aliyetaka majirani na aliyeyashika maji mkononi mwake. Sisi kwa maoni yetu hapo ndipo penye jawabu la mama wa Kisauni. Kavu ya nchi si udhuru wa kukataa. Kupelekwa huko asijue atapata wapi maji, asiwe na jina katika ardhi, asiwe na jirani, huo ni udhuru wenye uzito, na mume ndiye wa kuuondoa.

Maji kwanza, na tuyahesabu. Nyumba ya watu sita ikijibana hutumia lita 100 kwa siku, yaani madumu matano ya lita 20. Baina ya mwisho wa Mei na mwisho wa Oktoba ni siku 150 hivi. Lita 15,000, kabla hajaja mgeni wala hajazaliwa mtoto. Paa la mabati la mita 80 za mraba, likipata milimita 300 za mvua katika msimu mmoja, hukinga lita 24,000, na tukitoa inayopotea tuseme zibaki 19,000. Paa latosha ikiwa tangi latosha. Tangi la lita 5,000, ambalo wengi hulinunua kwa kuwa ndilo waliloliona kwa jirani, litakauka Julai. Kwa hivyo tangi na mifereji ya paa vitangulie vigae, rangi na geti la mapambo. Mji wa Machakos una bwawa lake la Maruba na mabomba yake. Baba na aende kuuliza kama bomba limefika kwenye kiwanja chake, na maji hutoka siku ngapi kwa wiki, amuulize mama anayeishi hapo, asimuulize dalali.

Ama zile bangili. Dhahabu ya mke ni milki yake, hata kama ilitoka kwa mume siku ya harusi. Alipoitoa kununua kiwanja, ama amekopesha, ama amenunua sehemu, ama ametoa hiba. Ni lazima ijulikane ni ipi katika hizo tatu, na Qur'ani imetuamuru kuandika deni katika aya iliyo ndefu kuliko zote. Mama hakusema hiba. Basi iwe deni lenye tarehe, au jina lake liingie katika hati miliki pamoja na la mumewe. Tumeona nyumba nyingi za wema zikavunjika baada ya mauti, warithi wakigombania kiwanja ambacho nusu yake ilikuwa ni dhahabu ya mama na hapakuwa na karatasi. Wakiwa katika jambo hilo, wahakikishe pia kuwa sajili ya ardhi imepekuliwa, na ikiwa kiwanja kilikatwa katika shamba, kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi kiliombwa katika miezi sita ya mkataba. Bila ya kibali hicho mauzo ya shamba ni batili kisheria, hata kama pesa zimelipwa zote.

Binti mkubwa amehifadhi juzuu saba, na mama asema chuo cha karibu kiko mjini Machakos. Hili lilitushughulisha kuliko samaki na nazi anazozililia (naye azililie, si haramu). Machakos mjini pana msikiti na Waislamu, lakini mtoto aliyezoea kutoka mlangoni na kuingia chuoni hatapata hilo Mumbuni. Wazazi wapange nani atamsikiliza binti kila siku baada ya alfajiri, na nani atampeleka mjini Jumamosi na Jumapili. Ikiwa jibu ni tutaona, asihamishwe mpaka waone. Tena wajue kwamba hata saa za ibada zitabadilika. Mumbuni iko magharibi yetu, jua huzama huko takriban dakika 10 baada ya Mombasa, ikizidi mwezi Juni na kupungua Disemba. Atakayefungua saumu kwa adhana ya redio ya Mombasa atakuwa amekula mchana. Na kibla, ambacho kwetu ni karibu kaskazini halisi, huko huelemea mashariki kwa nyuzi 6 hivi.

Kuhusu majirani, ndipo tunaporudi kwenye mwethya. Mwanamke wa pwani akifika bara huwa na desturi ya kujifungia, akingoja Waislamu wenziwe waje. Aingie katika kikundi. Aende kwenye kazi zao na michango yao, maadamu hapana la haramu, kama anavyokwenda kwenye chama cha mtaani kwake. Jirani ana haki juu yetu hata kama si wa dini yetu, na wanawake wale wayajua mambo ya maji kuliko sisi tulioandika makala haya.

Ana mama yake mzee mwenye maradhi ya sukari. Akiwa yeye ndiye pekee wa kumwangalia, huo ni udhuru wa haki na usemwe wazi mbele ya mume. Akiwa na ndugu, wagawane, na kaka zake wasijifanye hawajui.

Wengine watamwambia mke huyu kwamba kuhuzunika kwa kuacha mji wa wazee wake ni udhaifu wa imani. Hilo si kweli. Masahaba walipohamia Madina, Abubakar na Bilal (R.A.) walishikwa na homa, na Bilal akawa akiitamani Makka kwa sauti, mabonde yake na majani yake. Mtume (S.A.W.) hakumkemea. Alimwomba Mola awapendezeshee Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi. Mapenzi ya mji mpya yaliombewa dua, hayakutolewa kwa amri.

Kwa upande wa pili, na mama atuvumilie, hali iliyopo sasa haifai kuendelea. Mume wa miaka kadhaa katika chumba cha kupanga, watoto wanaomjua baba kwa simu. Sayyidna Umar (R.A.) alimuuliza binti yake Hafsa ni muda gani mwanamke aweza kumvumilia mume aliye mbali, kisha akaweka kikomo kwa wapiganaji wake, riwaya moja ikisema miezi minne na nyingine sita. Na hao walikuwa katika jihadi. Tungeulizwa sisi, tungeelemea upande wa kuhama, tukijua kuwa si sisi tutakaoteka maji.

Istikhara na iswaliwe, na wote wawili, kila mmoja kwa nafsi yake. Wengi huifanya mwanzo kabla ya kujua lolote, kisha hulala wakingoja ndoto. Istikhara si ndoto. Huja baada ya kuuliza na kushauriana, mtu akiwa ameelekea upande, akamwomba Mola amrahisishie au amwepushie.

Pendekezo letu ni hili. Likizo ya Agosti, wakati nchi imekauka na mvua ya vuli bado iko mbali, baba apange nyumba Mumbuni kwa wiki tatu, wapande reli wote hadi Athi River, na kutoka hapo matatu hadi Machakos. Wakae kama wenyeji. Anunue maji kwa dumu, binti apelekwe chuoni mjini akajaribiwe, mama atembee kwa majirani peke yake bila ya kuongozwa. Nyumba ya Kisauni isiuzwe wala isipangishwe mpaka mwaka upite. Watakaporudi wakae chini, hati ya kiwanja ikiwa juu ya meza na majina yake yasomwe. Na kabla ya hapo, baba asichimbe msingi.